Lori Lisiloruhusiwa Kufika

Shirikisho la Mawanda halipakani na nchi yoyote unayoijua, kwa hiyo msomaji asianze kutupa macho pembeni kutafuta nani anasemwa. Hasemwi mtu. Mawanda ina majimbo, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko uwezo wa wananchi kukumbuka, na ina Bunge la Shirikisho ambalo wabunge wake wanawahurumia sana watoto wa watu wengine. Huruma hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Kila Mwaka Zaidi.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi na ya kupendeza. Kila shule ya Mawanda, kuanzia ile ya makao makuu yenye bwawa la kuogelea hadi ile ya Mtakuja yenye choo kimoja, itapimwa kila mwaka kwa mtihani mmoja, na kila mwaka itapata alama kumi zaidi ya mwaka uliopita. Ikishindwa, bodi yake itavunjwa na shule itakabidhiwa kwa Mkombozi. Mkombozi ni kampuni. Wabunge walisimama wakapiga makofi, wakaketi, wakasimama tena. Mmoja tu, mgeni bungeni, aliuliza kama sheria hiyo inakuja na madawati. Spika alimkumbusha kwamba wanajadili elimu, si useremala.

Habari hizi zilipofika Mtakuja, Bi Mwajabu Kitenge alikuwa mashineni kwake akisaga mahindi ya watu, na hakuzitilia maanani. Bi Mwajabu alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Alikuwa mwanamke wa sauti nene, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusamehe, na watu wa sokoni walijua kwamba akitupa ncha ya khanga begani, aliyekosa na aondoke mapema.

Bodi yake ya watu watano ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana ilifuatwa. Hakuna kikao kilichofunguliwa kabla mtoto mmoja hajasimama mbele ya wajumbe akasoma. Mtoto akijikwaa, hakuchekwa wala kuchapwa. Mjumbe mmoja alimchukua, na hilo waliliita kumbeba. Mbebaji alikaa na mtoto wake kila wiki, nyumbani au kazini, akamsikiliza akisoma mpaka ulimi ukazoea. Siku mtoto aliporudi akasoma bila kujikwaa, wajumbe wote walisimama wima kwa heshima, naye akakalia kiti cha mwenyekiti mpaka kikao kiishe. Mjumbe mmoja, mtoto mmoja. Mzee Ngwali, fundi baiskeli, alipata kubeba mtoto wa mdeni wake mkubwa, na deni halikutajwa hata siku moja wakati wa kusoma.

Bi Mwajabu alikuwa amembeba Sikudhani, binti wa darasa la nne, mtoto wa Mwanahawa muuza mihogo. Mtoto huyo alikuwa na akili za kuuza na kununua. Alijua nani karuka foleni ya mashine na nani kachanganya pumba kwenye unga. Ila maandishi yalimpiga chenga. Aliona herufi ya kwanza, kisha akabuni zilizobaki. Palipoandikwa kuku yeye alisoma kisu, na sentensi nzima ikageuka ya vita.

"Usikisie," Bi Mwajabu alimwambia kila wiki, akipaza sauti juu ya mngurumo wa mashine. "Neno si kitendawili. Limeandikwa hapo. Lisome."

"Ndiyo, Bibi," Sikudhani alijibu, akakisia tena.

*

Msimamizi wa Shirikisho aliyekuja kuifafanua sheria aliitwa Mheshimiwa Daktari Kipimo. Alikuja na gari lenye bendera, na msaidizi wa kubeba kiti chake, kwa sababu viti vya Mtakuja vilikuwa havijapimwa. Bi Mwajabu alimkaribisha kwa heshima zote, kisha akafungua kikao kama siku zote, akamwita Sikudhani asome.

Sikudhani alisoma kuhusu mkulima na ng'ombe wake. Alijikwaa kwenye ng'ombe. Akajikwaa kwenye mkulima. Bi Mwajabu akamwambia, "Vizuri, mjukuu wangu, leo umekisia mara chache," naye akatoka akitabasamu.

Daktari Kipimo alikuwa ameinua kalamu. "Mwenyekiti, zoezi hili limeidhinishwa na nani?"

"Ni desturi yetu, Mheshimiwa."

"Yule mtoto anasaidiwa wapi?"

"Mashineni kwangu."

"Kwa kipimo gani?"

Bi Mwajabu alifikiri. "Kwa kumsikiliza."

Daktari Kipimo aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Alieleza, kwa upole mkubwa, kwamba mtoto anayejifunza kwa njia isiyopimika anaingia kwenye mtihani akiwa na maarifa ambayo shirikisho halikumpa, na hayo kwa lugha ya kisheria ni magendo. Kuanzia siku hiyo kubeba mtoto kulipigwa marufuku. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akahutubia watu watano kama uwanja mzima.

"Ndugu wajumbe, shirikisho halina haja ya kujua mtoto anajua nini. Hilo ni jambo lake na wazazi wake. Shirikisho linataka kujua ameongezeka kwa kiasi gani. Nchi inayoongezeka ni nchi inayoendelea, na nchi inayoendelea haiwezi kurudi nyuma kumngoja mtu mmoja anayejikwaa kwenye ng'ombe."

Mwalimu Tendega, mwalimu mkuu na mjumbe wa bodi, aliinua mkono. Alikuwa mtu mwoga, na hata kuuliza saa kulimtoa jasho. "Mheshimiwa, mwaka jana tulipata alama tisini na saba. Watoto tisini na saba katika kila mia walifaulu."

"Hongereni sana."

"Sasa kumi zaidi ni mia na saba."

"Hesabu yako ni sahihi kabisa."

"Lakini katika mia, Mheshimiwa, wako mia tu."

Daktari Kipimo alishusha kalamu. "Mwalimu, unataka kuliwekea shirikisho dari?"

Mwalimu Tendega alisema hapana, hakuwa na nia hiyo, akaketi. Daktari Kipimo alipokuwa anaagana nao alimvuta Bi Mwajabu kando, kwani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kuchukiwa. Alimnong'oneza kwamba sheria inamhesabu mtoto aliye shuleni, na inamhesabu mtoto aliye nyumbani. Mtoto aliye safarini mwongozo wake bado unaandaliwa. Tena shule inayopeleka watoto safari inaongezewa alama za uchangamfu.

*

Bodi ilikutana mashineni, mashine ikiwa imezimwa. Hakuna mtoto aliyefungua kikao, na wote walihisi wamekaa vibaya.

Kusema kweli, walikuwa na sababu ya kuogopa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na Mfinesini, na shule ya Mfinesini ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kwa Mkombozi. Mkombozi alianza kwa kupunguza walimu, kwa kuwa walimu ndio waliokuwepo shule ilipofeli. Kisha akapunguza watoto. Mwisho madarasa yakajazwa mifuko ya saruji ya kampuni dada, na tangu hapo shule ya Mfinesini ilikuwa inasifiwa redioni, maana saruji haijawahi kufeli. Shule ya Mtakuja ilijengwa kwa mikono ya watu wa Mtakuja wenyewe. Bi Mwajabu alibeba mawe yake akiwa na mimba, na kila alipopita ukuta wa darasa la tatu alijua mawe yake ni yapi.

"Dada Mwajabu," alisema Mzee Ngwali, "hii ni siku moja tu. Tunawapeleka wakaone maporomoko, wanakula ubwabwa, jioni wamerudi. Tangu lini mtoto akadhurika kwa ubwabwa?"

"Wote tunaowabeba watakwenda?"

"Tunaowabeba, na wengine wanaosuasua. Kumi na wanne kwa jumla."

Bi Mwajabu alitupa ncha ya khanga begani, lakini hakukuwa na mtu wa kumkasirikia, akairudisha. Alikubali. Alikubali kwa ajili ya shule, na alijiambia hivyo mara kadhaa njiani akirudi nyumbani, jambo ambalo mtu mwenye uhakika huwa halifanyi.

Asubuhi ya mtihani lori la matofali lilioshwa, likafungwa turubali. Watoto walivaa nguo za sikukuu. Sikudhani alikanyaga gurudumu, kisha akageuka.

"Bibi, kwani sisi tumeshinda nini?"

"Mmeshinda safari," Bi Mwajabu alisema.

"Na wale waliobaki?"

"Wale wana mtihani. Panda, mjukuu wangu, dereva anangoja."

Mtoto akapanda akicheka. 

*

Shule ya Mtakuja ilipata alama mia na saba. Mia zilikuwa za watoto waliobaki, na saba za uchangamfu wa safari. Redio ya shirikisho ilitangaza, ng'ombe akachinjwa, na bango likasimikwa mlangoni mwa mji. Nyama ilikuwa bado jikoni pale tarishi alipoleta mwongozo uliokuwa ukiandaliwa.

Mwongozo ulisema kwamba mtoto wa safarini ni yule ambaye hajafika. Siku atakayofika, atahesabiwa pale atakapokanyaga, na matokeo ya shule ya hapo yatapimwa upya. Mzazi atakayemshusha mtoto wake kwa siri atasababisha bomba la maji la mtaa wake kufungwa, ili majirani wamsaidie kutafakari.

Vumbi la lori lilikuwa linaonekana kwenye kona. Mzee Ngwali alipanda baiskeli, akaenda mbio kumkuta Chande, dereva, kabla hajapita bango.

"Usiingie," alimwambia akihema. "Zungukeni kidogo."

Kidogo hicho kilianza na mvua za vuli, na masika ilipokaribia kilikuwa hakijaisha. Chande alizunguka. Alipojaribu kuwashusha watoto katika mji mwingine, alikuta wajumbe wa bodi ya huko wamejipanga barabarani na fimbo, watu wazima wenye ndevu na miwani, wakilinda wastani wao. Wala hakuwa peke yake. Kila bodi ilikuwa na lori lake sasa, na madereva walipopishana walipigiana honi, watoto wakapungiana mikono.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kushuka. Kati ya jiwe la mpaka wa Mtakuja na jiwe la mpaka wa Mfinesini kulikuwa na kipande cha ardhi, hakifiki upana wa uwanja wa mpira, ambacho wapima ardhi wa zamani walikisahau. Hakikuwa cha bodi yoyote. Pale watoto waliweza kukanyaga bila kuhesabiwa. Waliogea pale, walijisaidia pale, walilala pale chini ya turubali, na malori ya mbali yalikuja kupanga foleni kukitumia. Serikali ilipopata habari ilipeleka bati lililoandikwa kwamba eneo hili halipo.

Mwanahawa, mama yake Sikudhani, alihamishia karai lake la mihogo kwenye jiwe la mpaka. Hakuvuka. Alikaanga, akairusha mihogo juu, watoto wakaidaka. Siku moja alikuja mashineni, akasimama mlangoni na mikono yake yenye mafuta.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Mwanangu anasafiri mpaka lini?"

Bi Mwajabu alizima mashine, akaanza kukung'uta unga kwenye khanga. Kama Mwanahawa angemtukana, ingekuwa nafuu. Lakini Mwanahawa aliaga kwa adabu kama alivyoingia, akarudi kwenye karai lake.

*

Basi Bi Mwajabu alifunga safari mpaka ofisini kwa Daktari Kipimo, akapokelewa kwa shangwe. Picha ya shule ya Mtakuja ilikuwa ukutani. Daktari Kipimo alimpa soda, akamwambia anafikiria kuandaa semina ili Bi Mwajabu awafundishe wenyeviti wa majimbo mengine.

"Mheshimiwa, watoto wanataka kushuka."

"Nani anawazuia?"

"Sheria."

Daktari Kipimo alionekana kuumia kwa dhati. "Bi Mwajabu, sheria haijamzuia mtoto yeyote kushuka. Soma kifungu kwa kifungu, hutaona neno hilo. Sheria inahesabu tu."

Alitoka pale na soda mkononi, hajaionja. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha ardhi kisichokuwepo, akalikuta lori la Mtakuja linajiandaa kuondoka, akajipandisha juu kwa shida, watoto wakimvuta mikono. Sikudhani alikuwa amerefuka na kukonda. Nguo ya sikukuu ilikuwa imekuwa fupi, na rangi yake huwezi kuitaja tena.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Bi Mwajabu alitoa kitabu cha mkulima na ng'ombe kwenye mkoba. Alijua ni magendo. "Njoo tusome kidogo."

Sikudhani alikitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyotazama mwanasesere. "Hiki kidogo, Bibi. Mimi nasoma barabara."

Lori liliondoka. Mtoto alishika ubao wa pembeni, akaanza kusoma kila kilichopita, haraka kama kinavyopita, maana kwenye lori hakuna nafasi ya kukisia. Ukikisia, bango limekwenda. "Punguza mwendo, kona mbaya. Hapa panauzwa mkaa, chokaa na majeneza. Usikojoe hapa, faini mbuzi. Mganga wa mapenzi amehama, yuko nyuma ya posta." Wenzake hata hawakumsikiliza, walikwisha kuyazoea mabango. Wengine walisoma pamoja naye kwa uvivu, bila kuinua vichwa.

Bi Mwajabu alitaka kusimama. Desturi ilimtaka asimame. Lakini lori liliyumba akaanguka juu ya gurudumu la akiba, akabaki amekaa pale, machozi yakimtoka, akiyafuta kwa khanga yenye vumbi la unga.

"Umejua kusoma lini, mjukuu wangu?"

"Sijui, Bibi. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya." Kisha akasema, "Sikisii tena."

"Nimesikia. Siku ya kikao utasoma mbele ya bodi. Tutasimama wote, na kiti changu utakikalia wewe."

Lori likafika kwenye kona ya Mtakuja, mahali ambapo Chande alikuwa amezoea kugeuza. Bango lilikuwa pale, rangi yake bado inang'aa. Sikudhani akalisoma.

"Karibu Mtakuja, mji wa alama mia na saba." Akamgeukia Bi Mwajabu. "Bibi, katika hizo, na sisi tumo?"

Bi Mwajabu aligonga paa la dereva kwa ngumi. "Chande! Nyoosha. Ingia mjini, twende shuleni."

"Mwenyekiti, wataihesabu shule."

"Waihesabu."

*

Waliihesabu. Mwaka ulikuwa umegeuka, na sasa Mtakuja ilitakiwa kupata mia na kumi na saba. Alama za uchangamfu ziliondolewa, kwa kuwa safari iliyofika si safari. Watoto kumi na wanne waliandikiwa sifuri kila mmoja, maana aliyewahi kuwa safarini haruhusiwi kufanya mtihani kabla hajapitia Kituo cha Kupevusha. Bi Mwajabu aliomba wasikilizwe wakisoma. Daktari Kipimo aliwasikiliza kwa uvumilivu kupitia dirisha la gari.

"Nimesikia," alisema. "Wanasoma vizuri sana. Lakini kusikia si kupima."

Bodi ilivunjwa wiki hiyo hiyo, kwa barua yenye shukrani. Kikao ambacho Sikudhani angesoma hakikufanyika, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kukaa kikao.

Sherehe ya makabidhiano ilikuwa nzuri, lazima tukiri. Palikuwa na tarumbeta. Wazazi waliwekwa nyuma ya utepe mwekundu, na polisi wakaeleza kwamba atakayevuka utepe ajue bomba la mtaa wake limo mikononi mwake. Mwanahawa alikuwa mbele kabisa, tumbo lake limegusa utepe. Wajumbe watano wa zamani walialikwa kama wageni wa heshima, wakapewa benchi la mbele, ili waishuhudie furaha yao. Mwalimu Tendega aliombwa ashike mkasi. Kwa woga akakata ule wa wazazi badala ya ule wa sherehe, wakauunga kwa gundi.

Kisha Mkombozi akafunua zawadi yake. Lilikuwa basi. Lilikuwa jipya, lenye viti vya sponji, pazia madirishani na choo ndani, ili mtoto asihitaji kabisa kukanyaga chini.

"Hiki," alisema Daktari Kipimo kwenye kipaza sauti, "ndicho Kituo Tembezi cha Kupevusha Wanafunzi. Kuna watu wenye roho nyeusi wanaosema serikali yenu iliwaacha watoto juu ya lori. Waje waone. Je, hili ni lori?"

Watu walikubali kwamba si lori.

Watoto kumi na wanne walipangwa mstari, mabegi mapya mgongoni. Hawakulia. Walikwisha kujua kusafiri, na baadhi walikuwa wanachungulia kuona nani atawahi dirishani. Sikudhani alikuwa wa kwanza. Kabla hajafika mlangoni aliinua macho, akaona ubavu wa basi umeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, naye kwa mazoea ya barabarani akasoma kwa sauti, bila kidole, bila kusita.

"Mkombozi. Kila mtoto atafika."

Pale kwenye benchi, Bi Mwajabu akasimama. Hakuamua. Miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyosimama miaka yote mtoto alipofika mwisho wa ukurasa bila kujikwaa. Mzee Ngwali akasimama, akavua kofia. Na wale wengine watatu wakasimama, wima, mikono ubavuni.

Daktari Kipimo aliwaona, akaguswa. Aliweka mkono kifuani, akawainamia. "Asanteni," alisema kwenye kipaza sauti. "Asanteni, waheshimiwa. Hii ndiyo picha ya uwajibikaji." Wapiga picha wakaipiga.

Bi Mwajabu hakumsikia. Alikwenda kwenye mstari, akamshika Sikudhani mkono, akamtoa.

"Mama, huyo ni wa safari," alisema kijana wa Mkombozi mlangoni.

"Huyu ni wangu. Nimembeba mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

Hakuwa na idhini. Alisimama tu pale, amemshika mtoto. Nyuma yake Mzee Ngwali alikuwa amekwisha kufika na kumshika mvulana wake bega, akinung'unika kwamba amechelewa kazini. Na wale watatu wakaja, kila mmoja akamchukua wake, kimyakimya, kama watu wanaochagua viatu vyao msikitini. Ilikwenda kwa utaratibu. Mjumbe mmoja, mtoto mmoja, hivyo ndivyo walivyozoea. Polisi walitazamana, kwa kuwa wageni wa heshima hawakuwa wamevuka utepe wowote.

Walipomaliza, mstari ulikuwa bado upo. Watoto tisa walikuwa wamesimama na mabegi yao. Mmoja alisogea mbele kuziba nafasi aliyoiacha Sikudhani, kama mwalimu alivyowafundisha. Kijana wa Mkombozi akafungua mlango. Tarumbeta zikaanza.

Bi Mwajabu aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa hauna mtu. Aliutazama kwa muda mrefu, yeye aliyekuwa mwenyekiti miaka yote ile na hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa nao. Kisha akaunyoosha kuelekea kwenye mstari, bila kutaja jina la mtoto yeyote, kwa sababu hakujua la kwanza liwe lipi.

Mikono tisa ikanyooshwa kuupokea.